Mtaa wa Morwenstow na Mavuno ya Mwaka 1843



Katika siku hizi za jubilei wengine watawapa habari za waanzilishi wa dayosisi yetu, za kanisa la kwanza la miti na udongo, na za wale waliobatizwa mwanzo. Habari hizo wazee wanazijua kuliko sisi, wala hatutawanyang'anya. Sisi tumeagizwa na wazee wa kanisa tueleze mahali zilipotoka baadhi ya desturi tulizozipokea. Basi tumechagua mtaa mmoja tu wa Uingereza, mtaa wa shamba ulio mbali na miji, zamani za Malkia Victoria, aliyetawala tangu mwaka 1837 hata mwaka 1901. Jina lake ni Morwenstow. Sababu ya kuuchagua mtaa huu ni mbili. Ya kwanza ni Sikukuu ya Mavuno, ambayo kila mwaka tunaileta mbele ya altare kwa mahindi, mihogo, ndizi na kuku waliofungwa miguu. Ya pili tutaisema baadaye, kwa maana ni nzito kidogo, nayo inatuhusu sisi wenyewe.

Zamani wengi wetu tuliposikia jina la Uingereza tulifikiri miji mikubwa, viwanda, magari ya moshi, na watu wote wamesoma na kuvaa viatu. Hata wazee wetu walisema ya kuwa Ulaya hakuna maskini. Lakini mapadre waliokuja kwetu, wengi wao walikuwa wameijua mitaa ya shamba. Askofu Steere mwenyewe, kabla ya kufika Unguja mwaka 1864, alikuwa padre wa Little Steeping, mtaa mdogo wa wakulima katika Lincolnshire. Kwa hiyo mtu akitaka kujua walikotoka mapadre wale, asitazame London peke yake.

Morwenstow ni mtaa wa mwisho wa Cornwall upande wa kaskazini, unapakana na Devon. Upande wa magharibi ni bahari kuu ya Atlantiki, na pwani yake haina bandari wala mchanga wa kupumzikia ngalawa. Ni magenge marefu tu ya mawe meusi. Genge moja, liitwalo Henna Cliff, lina urefu wa futi 450 hivi, yaani mnazi mrefu juu ya mnazi mrefu mara tano na zaidi. Upepo wa bahari ni mkali hata miti huota imeinama. Watu walikuwa kama 1000 hivi, nao hawakukaa mahali pamoja, bali walitawanyika katika vijiji vidogo na mashamba, kila nyumba na bonde lake, kama watu wa milimani kwetu. Kanisa lao ni la kale sana, la mawe, limesimama karibu na bahari, na mbele yake hakuna mji.

Watu hao waliishije? Wenye mashamba makubwa walikuwa wachache. Wengi walikuwa vibarua wa kulima na kuchunga kondoo. Ujira wa kibarua katika pande zile ulikuwa shilingi 7, 8 au 9 kwa juma, naye ana mke na watoto wa kulisha. Ngano alilima yeye, lakini mkate wa ngano mara nyingi ulikuwa wa wengine, na yeye alikula mkate wa shayiri na viazi. Tena palikuwa na sheria iliyozuia ngano ya nchi za nje isiingie kwa bei rahisi, ili wenye mashamba wasipate hasara, nayo haikuondolewa hata mwaka 1846. Na mtu akizidiwa na njaa au uzee, kwa sheria ya mwaka 1834 aliweza kupelekwa katika nyumba ya maskini. Kwa watu wa Morwenstow nyumba hiyo ilikuwa Stratton. Humo mume alitengwa na mkewe, na watoto wakatengwa na wazazi wao. Watu waliiogopa nyumba ile kuliko njaa yenyewe.

Na kusoma je? Walimu, sikieni hesabu hii, ikawape moyo. Mwaka 1841, katika Uingereza na Wales, kila wanaume watatu waliofunga ndoa, mmoja hakuweza kuandika jina lake katika daftari, na katika wanawake karibu nusu hawakuweza. Walitia alama ya msalaba tu. Sheria ya kuweka shule kila mahali kwa msaada wa serikali haikutolewa hata mwaka 1870. Kabla ya hapo shule ya shamba ilikuwa kazi ya padre na sadaka za watu, na siku za mavuno madarasa yalikuwa matupu, kwa sababu watoto walikuwa shambani kuokota masuke. Kuna mwalimu hapa asiyeijua taabu hiyo?

Padre wa Morwenstow aliitwa Robert Stephen Hawker. Alizaliwa Plymouth mwaka 1803, akasoma Oxford, akapewa mtaa huu na Askofu Phillpotts wa Exeter mwishoni mwa mwaka 1834. Kabla yake, kwa zaidi ya miaka 100, hakuna padre mwenye mtaa aliyekaa pale. Wenye mtaa walipokea mapato yake wakakaa mahali pengine, na watu wakaachwa kwa wasaidizi waliolipwa kidogo. Hawker alikuta nyumba ya padre ni magofu. Inasimuliwa ya kuwa alitazama siku ya dhoruba ni wapi kondoo walikokimbilia kujikinga na upepo, akajenga nyumba yake pale pale. Akajenga na shule. Akajenga na daraja mahali ambapo watu walivuka mto kwa hatari. Mapato yake yalikuwa pauni 365 kwa mwaka, ndiyo pauni moja kwa siku, mali nyingi machoni pa kibarua. Walakini majengo hayo yalimtia katika madeni, na madeni hayakumwacha maisha yake yote. Waweka hazina wa mitaa watatusamehe, hatumsifu kwa jambo hilo.

Kuna kitabu cha maisha yake kilichoandikwa na Baring-Gould mwaka 1876, kimejaa hadithi za kuchekesha, za paka wake walioingia naye kanisani, na za mavazi yake, kwa maana alivaa fulana ya buluu ya wavuvi na viatu virefu vya baharini, na koti la zambarau juu yake. Waliochunguza baadaye wameona ya kuwa hadithi nyingi za kitabu kile hazina msingi. Basi tuziache, tushike yaliyo hakika.

Siku za mavuno, katika Uingereza ya wakati ule, hazikukosa furaha. Mganda wa mwisho ulipoingia ghalani, mwenye shamba aliwafanyia vibarua wake karamu ya nyama na pombe, wakaimba na kupiga kelele usiku kucha. Kanisani hapakuwa na ibada yake. Hawker alikumbuka ya kuwa mababa wa kale katika nchi ile walikuwa na desturi, siku ya kwanza ya mwezi wa Agosti, ya kuleta kanisani mkate wa ngano mpya. Desturi hiyo ilikuwa imesahauliwa. Basi mwaka 1843 akawatangazia watu wake waje kanisani Jumapili ya kwanza ya mwezi wa Oktoba, kumshukuru Mungu kwa mavuno, na mkate wa Meza ya Bwana siku ile utakuwa wa ngano mpya. Jumapili hiyo ilikuwa tarehe 1 Oktoba.

Tufikiri kidogo habari ya mkate ule. Kibarua aliyekula shayiri mwaka mzima alipiga magoti karibu na mwenye shamba, akapokea ngano aliyoivuna kwa mikono yake. Hakuipokea kwa ujira, wala kwa huruma ya bwana wake. Hatudai ya kuwa siku ile iliondoa njaa ya Morwenstow. Juma lililofuata ujira ulikuwa ule ule. Lakini Hawker hakuishia hapo. Mwaka 1844, watu wakubwa walipogombana juu ya sadaka ya kila Jumapili kwa ajili ya maskini, aliandika barua na kuipiga chapa kumjibu bwana John Walter, aliyeipinga sadaka ile. Habari hizo ziliwatia watu hasira sana, hata katika mji wa Exeter, mwaka 1845, padre mmoja alizomewa njiani na umati wa watu. Hivyo msifikiri ya kuwa magomvi ya kanisani juu ya sadaka yameanza kwetu.

Kutoka hapo ibada ya mavuno ikaenea. Wako wengine walioisaidia: mwaka 1857 Arkidiakoni Denison alianza karamu ya mavuno ya mtaa wote huko East Brent, katika Somerset, na mwaka 1862 mkutano mkuu wa makasisi wa jimbo la Canterbury ulitoa utaratibu wa ibada ya kushukuru kwa mavuno. Kwa hiyo wamisionari waliokuja pande zetu baada ya miaka hiyo waliileta kama kitu cha kawaida, na sisi tukaipokea kana kwamba ni ya tangu Mitume. Si kitu. Wazee wetu nao walikuwa na desturi ya kutokula nafaka mpya kabla ya kushukuru, ndiyo maana ibada hii haikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Sasa tuje kwa jambo la pili.

Tumesema pwani ile haina bandari. Merikebu za matanga zilizokuwa zikienda Bristol na Gloucester zilipita pale, na upepo wa magharibi ukivuma kwa nguvu zilitupwa juu ya miamba. Mwaka baada ya mwaka bahari ilileta maiti. Zamani, maiti ya mtu asiyejulikana ilifukiwa pale pale pwani, bila sanda, bila jeneza, bila sala, kama mzoga wa mnyama. Mwishoni mwa mwaka 1807 manowari iitwayo Anson ilivunjika upande wa kusini wa Cornwall, na watu waliona haya kwa jinsi wafu walivyofukiwa. Mwanasheria mmoja wa Helston, Thomas Grylls, akatunga sheria, ikapitishwa mwaka 1808, ya kwamba maiti zinazoletwa na bahari zizikwe katika makaburi ya kanisa la mtaa. Sheria ilikuwapo. Lakini sheria haishuki genge la futi mia nne kuchukua maiti aliyeoza. Hapo alitakiwa mtu.

Mwezi wa Septemba mwaka 1842, merikebu iitwayo Caledonia, ya Arbroath katika Scotland, ilivunjika kwenye miamba iliyo chini ya nyumba ya padre. Alfajiri kijana mmoja alibisha mlango kwa nguvu, akasema kuna watu wamekufa pwani. Hawker akatoka na nguo zake za kulalia, akashuka. Katika mabaharia wake, mmoja tu alipona, Edward Le Dain, mtu wa kisiwa cha Jersey, naye alitunzwa katika nyumba ya padre hata akapata nguvu. Waliokufa, pamoja na nahodha wao, walitafutwa siku baada ya siku, maana bahari haikuwatoa wote mara moja. Wakabebwa kupanda genge, wakaoshwa, wakatiwa katika majeneza, wakazikwa karibu na lango la makaburi, padre akiwatangulia kwa sala. Sanamu ya mbao iliyokuwa kwenye omo ya Caledonia, ya mwanamke mwenye ngao na upanga, ikasimamishwa juu ya kaburi lao.

Mwaka uliofuata, mwaka ule ule wa ibada ya mavuno, merikebu nyingine zilivunjika pale. Miaka ikapita hivyo. Kwa miaka yake yote Hawker alizika mabaharia zaidi ya 40. Kazi hiyo haikuwa safi. Mara nyingine haikuonekana maiti nzima, ila viungo, navyo vilikusanywa katika kikapu. Wachukuzi walilegea kwa harufu, hata aliwapa pombe kali ili wapate moyo, na wale ndugu zetu wa chama cha kuacha pombe wanaotutazama sasa, na watuhukumu polepole. Tena palikuwa na imani ya zamani, Hawker mwenyewe ameiandika, ya kwamba ukimwokoa mtu anayezama, siku moja atakudhuru. Na watu wa pwani walijua vizuri kuokota shehena zilizoletwa na mawimbi kuliko kuokota maiti. Aliwabadilisha kidogo kidogo, kwa kuwalipa, kwa kuwakaripia, na kwa kutangulia mwenyewe.

Walimu, mnajua ya kuwa katika kitabu cha Sala cha mwaka 1662 yameandikwa maonyo mwanzoni mwa ibada ya mazishi, kwamba isitumiwe kwa mtu aliyekufa bila kubatizwa, wala aliyetengwa, wala aliyejiua. Mtu aliyetolewa baharini hana cheti. Huenda alikuwa Mkatoliki wa Roma, au Mlutheri wa Norway, au mtu asiyesali kabisa. Hawker alikuwa mkali sana kwa mambo ya imani. Katika mtaa wake wengi walifuata wahubiri wa kundi lililoitwa Wakristo wa Biblia, lililoanzishwa karibu na pale, Shebbear katika Devon, mwaka 1815, naye alizoea kuwashutumu kwa maneno machungu yasiyompasa padre. Twasema wazi, hapo alikosa. Lakini mbele ya maiti asiyejulikana hakuuliza lolote. Alimhesabu kuwa ndugu, akamsomea maneno yote.

Na kuna habari ya daftari. Kwa sheria ya mwaka 1812 kila kanisa la Uingereza lilikuwa na daftari la mazishi lililopigwa chapa, lenye mahali pa jina, mahali pa makao, siku ya kuzikwa, umri, na jina la aliyesoma ibada. Sisi tunaotunza madaftari tunajua jinsi mstari mmoja unavyoweza kumsumbua mtu. Jina, hulijui. Makao, huyajui. Umri, unakisia kwa meno na nywele. Kimebaki kitu kimoja tu unachoweza kuandika bila shaka, nacho ni jina lako wewe uliyemzika. Katika makaburi ya Morwenstow uko msalaba wa mawe kwa ajili yao, wenye maneno yaliyotokana na Waraka wa Pili kwa Wakorintho, mlango wa sita, pale Mtume anaposema habari za watu wasiojulikana na huku wanajulikana.

Mwisho wa Hawker ulikuwa wa huzuni. Mke wake wa kwanza alikufa mwaka 1863, akaoa tena, akapata binti watatu katika uzee, na madeni yakamlemea. Alizoea kukaa peke yake katika kibanda alichokijenga kwa mbao za merikebu zilizovunjika, ukingoni mwa genge, akitazama bahari. Kibanda hicho kipo hata leo. Alikufa Plymouth tarehe 15 Agosti 1875, na usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amepokewa katika Kanisa la Roma. Watu waligombana sana juu ya jambo hilo, nasi hatutaongeza. Alizikwa huko huko Plymouth. Yeye aliyewaleta wageni wote katika makaburi ya mtaa wake, mwenyewe hakulala pamoja nao.

Sasa neno letu wenyewe, tulilosema ni zito.

Miaka michache iliyopita, wakati wa mvua nyingi, mtu alionekana amekufa mtoni, chini ya kivuko, katika mtaa mmoja wa dayosisi hii. Sisi tulikuwapo. Hakuna aliyemjua. Mkononi hakuwa na kitu, shingoni hakuwa na msalaba. Wenye mamlaka walipokwisha kumtazama wakasema azikwe, nasi tukaitwa, kwa kuwa padre alikuwa safarini. Tukauliza, je, amebatizwa? Tukauliza, ni wa kabila gani, ndugu zake wakija wakatudai? Mmoja akasema akizikwa kanisani mvua itakatika. Tukashauriana hata jua likachwa, na tulipokuwa bado tunashauriana, vijana wa kijiji, wengine wao Waislamu na wengine hawana dini, walimfunga katika shuka lililotolewa na mama mmoja mwenye duka, wakamzika kando ya mto. Walifika tena jioni kurudisha jembe la kanisa, maana walikuwa wameliazima kwetu.

Katika daftari letu la mazishi mtu huyo hayumo. Tumelitazama tena juma hili, tulipokuwa tukitayarisha hesabu za jubilei, waliobatizwa, waliofunga ndoa, waliokufa. Hesabu zimepangwa vizuri, nanyi mtazisoma ukurasa wa mwisho wa kitabu hiki.

Tumezungumza na padre na wazee wa kanisa. Jumapili ya Mavuno, baada ya Misa, mazao yakiisha kugawanywa kwa wajane na wagonjwa, tutashuka mtoni pamoja na vijana wale watuonyeshe mahali. Mama mwenye duka amekubali kuja. Mzee Seremala amechonga msalaba, hakuandika kitu, kwa kuwa tulishindwa kuafikiana cha kuandika. Na daftari litachukuliwa, pamoja na wino, na padre atatia mstari.